Saa saba kwenda, saa ishirini na mbili kurudi: jinsi ya kusoma safari ya ndege kati ya Nairobi na New York

Mwezi wa Januari, mwaka mmoja, shangazi yangu anayekaa Kisauni, Mombasa, alitumiwa tiketi na binti yake aliyeko New Jersey, na tiketi hiyo ikazua mjadala wa siku nzima katika familia yetu. Iliandikwa kwamba ndege ingeondoka Nairobi saa 00:10 siku ya Alhamisi na kutua New York saa 07:10 Alhamisi hiyohiyo. Safari ya kurudi, wiki sita baadaye, ingeanza New York saa 12:25 na kumfikisha Nairobi saa 10:25 ya kesho yake. Kila aliyehesabu kwa vidole alipata saa saba za kwenda na saa ishirini na mbili za kurudi. Binamu yangu mmoja alisema ndege ya kwenda lazima iwe ya kasi zaidi. Mwingine akasema dunia inazunguka, kwa hiyo New York huisogelea ndege. Wa tatu alishikilia kwamba kurudi kuna njia ndefu ya kuzunguka bahari. Hesabu yao ya kutoa ilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba walikuwa wakitoa saa za Nairobi katika saa za New York, kama mtu anayetoa shilingi katika dola bila kuzibadilisha kwanza.

Mkanganyiko huu nimeusikia mara nyingi tangu safari ya moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili ilipoanzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018, na naamini sehemu ya lawama iko katika neno letu wenyewe. Kwa Kiswahili, "saa" ni kile kifaa cha ukutani, ni kipimo cha dakika sitini, na ni wakati fulani katika siku. Ukiniambia "saa saba", sijui kama unanieleza wakati wa chakula cha mchana au urefu wa safari. Katika mazungumzo ya kawaida neno hilo halitusumbui, kwa sababu sote tunakaa chini ya jua moja. Lakini tukivuka nusu ya dunia, maana hizo zinaachana, na ndiyo sababu inafaa tutenganishe mambo matatu kabla ya kuendelea.

La kwanza ni umbali, yaani kilomita zilizopo kati ya kiwanja na kiwanja. La pili ni muda wa safari, yaani kiasi cha wakati abiria anachokaa ndani ya ndege, ambacho angekipata kama angewasha saa ya kupimia mbio mlango unapofungwa na kuizima unapofunguliwa. La tatu ni saa za mahali, yaani kile kinachoonyeshwa na saa ya ukutani katika mji husika. Tiketi huandika saa za mahali peke yake: ya kuondoka kwa saa za mji wa kuondokea, ya kufika kwa saa za mji wa kufikia. Kuanzia hapa, nikimaanisha urefu wa safari nitasema "muda wa saa" kadhaa, ili tusigongane.

Tuanze karibu na nyumbani. Kenya, Tanzania na Uganda hutumia saa moja, lakini Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja, sawa na Goma na Lubumbashi. Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili. Ndege kutoka Nairobi hadi Kigali huchukua muda wa kama saa moja na nusu. Ikiondoka Nairobi saa mbili kamili asubuhi, itatua wakati ambapo saa za Nairobi zinasema saa tatu na nusu, ila saa ya ukutani pale Kigali itasema saa mbili na nusu. Tiketi itaonyesha kana kwamba umesafiri nusu saa. Siku ya kurudi, tiketi itaonyesha kana kwamba umesafiri saa mbili na nusu. Hakuna msafiri wa Kigali anayedai kwamba ndege ya kwenda ina kasi mara tano ya ile ya kurudi, kwa sababu tofauti ni ndogo na watu wameizoea. New York ni jambo lilelile, limekuzwa tu.

Mwezi wa Januari, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Kwa hiyo shangazi alipotua saa 07:10 za kule, Mombasa ilikuwa saa 15:10, yaani saa tisa na dakika kumi alasiri. Kutoka saa sita na dakika kumi usiku hadi saa tisa na dakika kumi alasiri ni muda wa saa 15, na huo ndio urefu wa kweli wa safari yake. Kurudi, saa 12:25 za New York ni saa 20:25 za Nairobi, yaani saa mbili na dakika ishirini na tano usiku. Kutoka hapo hadi saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi ni muda wa saa 14. Kurudi kulikuwa kufupi kuliko kwenda, kinyume kabisa na vidole vya familia yetu.

Kuna njia ya mkato ambayo haihitaji kujua tofauti ya saa za miji hata kidogo, nami huipenda kwa sababu humwonyesha mtu kwamba hakuna miujiza. Jumlisha zile saa za tiketi za kwenda na za kurudi: saba na ishirini na mbili ni ishirini na tisa. Sasa jumlisha muda wa kweli: kumi na tano na kumi na nne ni ishirini na tisa. Saa nane ulizozipata bure wakati wa kwenda, utazilipa zote wakati wa kurudi. Ukigawa jumla hiyo kwa mbili, utapata wastani wa muda wa saa 14 na nusu kwa kila upande, hata kama hujui lolote kuhusu ramani.

Jambo moja la kuangaliwa ni kwamba tofauti hiyo haikai mahali pamoja mwaka mzima. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna haja ya kusogeza saa, kwa kuwa mchana wetu haubadiliki sana. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya mwezi Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya mwezi Novemba. Katikati ya tarehe hizo New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa saba tu. Mtu anayelinganisha tiketi ya Januari na ya Julai anaweza kudhani kwamba safari imeongezeka kwa saa nzima, wakati ndege, njia na kilomita ni zilezile.

Sasa tuje kwenye umbali, ambao nao una ugomvi wake. Ukiuliza kuna umbali gani kati ya Uwanja wa Jomo Kenyatta na Uwanja wa John F. Kennedy, utakutana na namba tatu: takribani 11,830, takribani 7,350 na takribani 6,390. Zote ni sahihi. Ya kwanza ni kilomita. Ya pili ni maili za nchi kavu, kila moja ikiwa na kama mita 1,609. Ya tatu ni maili za baharini, ambazo mabaharia na marubani hutumia, na kila moja ina mita 1,852. Maili ya baharini ilitokana na umbo la dunia yenyewe: digrii moja ya latitudo imegawanywa katika dakika sitini, na kila dakika ni takribani maili moja. Ndiyo maana digrii moja ya kwenda kaskazini au kusini ni kama kilomita 111. Anayechanganya maili hizi mbili hukosea kwa karibu kilomita 1,550 katika safari hii, umbali ambao ni zaidi ya mara tatu ya ule wa barabara ya Mombasa hadi Nairobi.

Namba hizo hupimwa juu ya njia fupi kuliko zote, na hapo ndipo ramani ya ukutani inapotudanganya. Ukiweka rula kwenye ramani ya darasani kutoka Nairobi hadi New York, mstari utapita kaskazini mwa Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, Mali na Mauritania, kisha uikate bahari ya Atlantiki kwa mshazari. Watu hushangaa kuambiwa kwamba mstari huo ulionyooka una kilomita zipatazo 12,190, yaani ni mrefu kuliko njia inayoonekana imepinda.

Nilimwonyesha binamu yangu jambo hili kwa chungwa na uzi, na namwomba msomaji ajaribu. Weka alama moja katikati ya chungwa, upande wa kulia, iwe Nairobi. Weka nyingine juu zaidi, upande wa kushoto, iwe New York. Shika uzi kwenye alama ya kwanza, uuvute hadi ya pili ukaze. Uzi ukikazwa hauwezi kupinda ovyo, kwa sababu hutafuta wenyewe njia fupi. Utauona unapanda mapema kuelekea kaskazini kuliko ulivyotarajia, unafika juu kidogo ya New York, kisha unashuka kuifikia. Wanahesabu huuita mstari huo duara kuu, kwa sababu ukiuendeleza utaikata dunia katika nusu mbili zilizo sawa, kama kisu kinachopita kwenye kiini cha chungwa. Menya sasa chungwa hilo na ulitandaze ganda lake mezani: litapasuka au litavutika. Mchora ramani hana budi kulivuta ganda hilo ili alijaze karatasi ya pembe nne, na sehemu za kaskazini ndizo zinazovutika zaidi. Ndiyo sababu katika ramani nyingi Greenland inaonekana kukaribiana na Afrika kwa ukubwa, ilhali Afrika inaizidi mara kumi na nne.

Juu ya tufe, uzi wa Nairobi hadi New York hutoka kuelekea kaskazini-magharibi. Hupita juu ya Uganda na Sudan Kusini, hukaribia Darfur, huvuka Chad, Niger na Algeria, hutokea Atlantiki kwenye pwani ya Morocco, hupita karibu na visiwa vya Azores, kisha hufika latitudo ya digrii 42 kabla ya kuteremka kuelekea New York. Jambo hili lina faida ya moja kwa moja kwa mtu anayenunua tiketi ya kuunganisha ndege. Ukiitazama ramani bapa, kupitia Amsterdam kunaonekana kama kuzunguka sana. Kwa kweli Nairobi hadi Amsterdam na Amsterdam hadi New York ni jumla ya kama kilomita 12,520, yaani umezidisha chini ya kilomita 700. Kupitia Doha, ambako tunakuona kama jirani zetu, kunafikisha zaidi ya kilomita 14,100, kwa sababu unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki, ukiipa New York mgongo. Kwa mtu wa kuunganisha, hata hivyo, kinachoamua siku yake ni muda wa kungoja kiwanjani kati ya ndege na ndege, na huo unaweza kuufuta uzuri wote wa njia fupi.

Ndege yenyewe haiufuati uzi huo hatua kwa hatua. Anga ni milki ya nchi, na nchi inaweza kuifunga. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, anga yake ilifungwa kwa ndege za abiria, na safari nyingi kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kupita pembeni. Mwezi Agosti mwaka huohuo, baada ya jeshi kutwaa madaraka, Niger nayo ilifunga anga yake hadi mwanzoni mwa Septemba. Tazama tena orodha ya nchi zilizo chini ya uzi wetu na utaona jinsi njia ya kwenda New York inavyoweza kurefuka bila kiwanja chochote kuhamishwa. Ukiongeza dhoruba za kukwepwa na foleni ya kutua, kilomita za kweli huzidi zile za kwenye jedwali karibu kila siku.

Swali linalobaki ni kwa nini kwenda kulichukua muda wa saa 15 na kurudi muda wa saa 14. Hapa watu wa pwani wana elimu ya urithi inayowatosha kabisa, wakikubali kuitumia. Wazee wetu walijua kwamba majahazi ya kutoka Oman na Ghuba hushuka na kaskazi, na hurudi kwao na kusi. Hakuna nahodha aliyesema kwamba bahari kati ya Maskati na Unguja ni ndefu zaidi katika majira fulani. Alisema upepo umebadilika. Juu angani, kwenye kimo cha kilomita kumi hadi kumi na mbili ambako ndege kubwa husafiri, kuna mikondo ya upepo mkali ambayo katika latitudo za kati huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Hewa iliyopashwa joto karibu na ikweta hupanda na kuelekea kaskazini. Kwa kuwa ilikuwa ikienda mashariki pamoja na ardhi ya ikweta iliyo na mwendo mkubwa, inapofika mahali ambapo ardhi ina mwendo mdogo huitangulia ardhi hiyo. Mkondo huo huwa na kasi ya kilomita 100 hadi 200 kwa saa, na wakati wa baridi kali unaweza kuzidi 300.

Injini ya ndege huisukuma ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe inapohama huihamisha ndege pamoja nayo, kama mtu anayeogelea mtoni. Ndege kubwa ya kisasa, mfano Boeing 787, hukata hewa kwa kasi ya takribani kilomita 900 kwa saa. Ukigawa kilomita 11,830 kwa kasi hiyo unapata muda wa saa 13 na dakika chache. Chukua sasa upepo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa kwa njia nzima, ambao si mkubwa, kwa kuwa juu ya Afrika ya ikweta upepo huwa dhaifu na nguvu yake hupatikana Atlantiki. Wa mbele utaipunguza kasi hadi 860, na safari itakuwa ya muda wa saa 13 na dakika 45. Wa nyuma utaiongeza hadi 940, na safari itakuwa ya muda wa saa 12 na dakika 35. Tofauti ni saa moja na dakika kumi. Ongeza kila upande muda wa kutembea kiwanjani, wa kupaa, wa kuzunguka anga zilizofungwa na wa kupanga foleni ya kutua, utakuta umefika karibu na zile 15 na 14 za shangazi.

Nguvu ya mkondo huu ilionekana wazi usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Februari 2020, dhoruba ilipokuwa ikivuma kuelekea Ulaya: ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa muda wa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa sita, na kasi yake juu ya ardhi ilizidi kilomita 1,300 kwa saa. Rubani hakuvunja kikomo chochote cha ndege yake. Alibebwa. Kwa sababu hiyohiyo njia za kuvuka Atlantiki ya kaskazini hupangwa upya kila siku, ili wanaokwenda mashariki wauingie mkondo na wanaokwenda magharibi waukwepe.

Tulimalize sasa lile dai la kwamba dunia huisogeza New York ielekee kwa ndege, au kwamba kwenda magharibi ni kwepesi kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki. Kwenye ikweta ardhi huzunguka kwa kasi ya takribani kilomita 1,670 kwa saa. Kama dai hilo lingekuwa kweli, helikopta ingeweza kupanda juu ya Mombasa, ikaning'inia palepale kwa muda wa saa moja, kisha ikashuka na kujikuta katikati ya Kongo. Sote tunajua kwamba itashuka Mombasa. Mtu aliyeketi katika treni ya Mombasa hadi Nairobi akirusha limau juu, limau humrudia mkononi, halimwendei abiria wa nyuma, kwa sababu lilikuwa likisafiri pamoja na treni tangu kabla ya kurushwa. Ndege, hewa na kiwanja vyote vinazunguka pamoja. Mchango wa mzunguko wa dunia ni ule tu wa kuielekeza mikondo ya upepo, na mchango huo unamsaidia anayekwenda mashariki, si magharibi.

Nairobi yenyewe ina ugumu wake wa kimya. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko kama mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Mabawa hupata egemeo dogo na injini hupata hewa kidogo, kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta ya kuvuka bahari inahitaji barabara ndefu ya kurukia, na baridi ya usiku husaidia kwa kuikaza hewa. Addis Ababa, iliyo juu zaidi ya mita 2,300, inaonyesha jambo hili vizuri. Kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian ya kwenda Washington imekuwa ikitua njiani kuongeza mafuta, ama Dublin ama Lomé, wakati ile ya kurudi hupaa Washington, karibu na usawa wa bahari, ikiwa na mafuta ya kutosha na upepo nyuma yake, ikafika Addis bila kusimama.

Habari hii inatukumbusha kuwa waangalifu na maneno "moja kwa moja". Watu wengi huyaelewa kwamba ndege haitatua popote. Katika lugha ya mashirika, safari inaweza kuitwa hivyo hata ikitua mahali, mradi namba ya safari haibadiliki. Kwa miaka mingi ndege ya kutoka Amsterdam imekuwa ikishusha watu Kilimanjaro kabla ya kuendelea Dar es Salaam. Uliza kwa maneno kamili: je, ndege inatua njiani? Na ujue pia kwamba muda ulioandikwa kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka getini hadi inapoegeshwa getini, ukiwa na dakika za akiba ndani yake. Ndiyo maana ndege iliyochelewa kuondoka kwa nusu saa wakati mwingine hufika kwa wakati, na abiria husifu mwendo wa rubani.

Nimeiacha mwisho sehemu ambayo ingemgharimu shangazi safari yake. Tiketi ilisema Alhamisi, saa 00:10. Binamu yangu aliisoma kama "Alhamisi usiku, saa sita na dakika kumi", akamkatia shangazi nafasi ya treni ya Alhamisi asubuhi, ili afike Nairobi mchana na kupumzika kabla ya kwenda kiwanjani. Jumanne jioni tulikuwa tumekaa barazani, shangazi akauliza atapumzika wapi Nairobi siku ya Jumatano.

"Jumatano utakuwa bado uko hapa, Shangazi," binamu akamjibu. "Ndege ni usiku wa Alhamisi."

"Mwanangu," akasema, "usiku wa Alhamisi ni ule unaoutangulia mchana wake. Ni usiku wa kesho huo."

Alikuwa sahihi. Kwa hesabu ya wazee wa Kiswahili siku huanza jua linapotua, saa moja ya usiku ikiwa ndiyo saa yake ya kwanza, na kwa hiyo usiku wa Alhamisi ni ule ambao leo, tukitaka kuepuka utata, tunauita usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi. Kalenda ya tiketi huanza siku saa sita ya usiku. Ndege zinazoondoka baada ya saa sita ya usiku na kabla ya alfajiri zinaangukia mahali ambapo hesabu ya wazee na ya tiketi hutaja jina moja la siku, na hesabu ya vijana, inayoutundika usiku wote kwenye mchana uliopita, ndiyo inayokosea. Lakini ndege ikiondoka saa 23:25 mambo hugeuka: kwa tiketi hiyo ni Jumatano bado, na kwa shangazi tayari ni Alhamisi. Dawa yake ni kuandika pembeni ya tiketi, kwa mkono, usiku upi unaamkia siku ipi, na kupunguza saa sita katika saa za tiketi ili kupata saa ya Kiswahili. Zikiwa chini ya saba, unaongeza sita badala ya kupunguza, na zikiwa kumi na tisa au zaidi, unapunguza kumi na nane. Saa 00:10 inakuwa saa sita na dakika kumi usiku, na mtu anatakiwa awe kiwanjani saa tatu za usiku uleule, yaani wakati kalenda ya ukutani bado inasema Jumatano.

Tulibadilisha treni usiku huohuo. Shangazi alipanda ya Jumatano asubuhi, akapaa usiku, na kwa kuwa alikuwa akielekea magharibi, ndege yake ilikuwa ikilikimbia jua linalochomoza nyuma yake. Haikuweza kulishinda, kwa sababu hata katika latitudo ya New York ardhi huzunguka kwa takribani kilomita 1,270 kwa saa, lakini ililichelewesha sana. Jua lilikuwa limemchwea Nairobi Jumatano kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Lilipomchomozea, ndege ilikuwa imeshatua, na kwa saa za Mombasa ilikuwa imepita saa tisa alasiri. Usiku mmoja wa zaidi ya saa ishirini. Alipopiga simu kutoka kwenye gari la binti yake, sisi tulikuwa tumeshaswali alasiri na chai iko mezani. Akasema nje kumepambazuka sasa hivi, kuna theluji, na kwamba ndani ya ndege aliamka mara tatu akidhani ni alfajiri. Kisha akauliza kwetu ni siku gani. Tukamwambia ni Alhamisi. "Na huku pia," akasema.